Kijiti cha Mama Mkwe

Mkwewe, fundi redio aliyemwoa bintiye, kwa adabu ya ukwe hakuwahi kumtazama mama usoni. Mama alimjua kwa vidole tu, vile virefu vyenye alama za kuungua kwa lehemu, vinavyopapasa nyaya kama mtu anayesuka nywele za mtoto aliyelala. Miguu ya mama ilipogoma, fundi alimtengenezea kijiti cha kuongozea pale kitandani, kikiongea hewani na kigari cha kulishia kuku uani. Lakini kigari kilikuwa na masikio mazito. Mama akiachia kijiti, kigari bado kinakwenda, kinagonga ukuta, na kuku anaowaona dirishani wanatawanyika polepole kama ndotoni.

Leo fundi alikohoa, macho sakafuni. “Mama, kosa ni langu. Niliona neno la mkwe halitupwi, nikakiagiza kigari kitii kila amri yako, moja baada ya nyingine. Sasa kinahangaika na za zamani wakati wewe umeshatoa nyingine. Naomba ruhusa nizitupe, kisikilize ile ya mwisho tu.”

“Tupa, baba. Hata mimi nimeyachoka maneno yangu ya zamani.”

Vidole vikacheza kidogo. Mama akasukuma kijiti, akaachia. Kigari kikasimama papo hapo katikati ya kuku, kimya kama pumzi iliyoshikwa. Fundi akasahau adabu, akamgeukia mama akicheka.

Kumbe fundi ana vishimo mashavuni.