Mapengo Kwenye Sahani

Bi Oneide wa Belém hajawahi kumuuliza mtu kama brigadeiro zake, vile vitamutamu vya sherehe, ni tamu. Huzipanga kuzunguka keki, kisha hutazama sahani. Hakuna ruhusa ya kugusa kitu mpaka wimbo wa kuzaliwa uimbwe. Kwa hiyo kila pengo ni wizi, na wizi huo ndio sifa yake.

Tangu usichana wake amekuwa akikoroga maziwa mazito ya kopo, siagi na kakao mpaka mchanganyiko uache kushika sufuria, halafu anaviringa vidonge kwa viganja vilivyopakwa siagi. Chokoleti peke yake haikumtosha. Alijaribu nazi, akajaribu karanga, akazifinyanga mfano wa korosho. Zote ziliibwa. Safari hii alitia kupuasu, tunda chachu la mti uliopandwa uani na marehemu mumewe.

Alikuwa na sababu. Gilvan, mwanawe, alitaka kuukata mti huo ajenge chumba.

"Mama, mti huo unatuchafulia ua tu. Nani anakula tunda lake siku hizi?"

"Basi tuwekeane dau. Nitalitia kwenye brigadeiro za sherehe ya Tainara. Zikiibwa kabla ya wimbo, shoka ulirudishe ulikoliazima."

"Zisipoibwa?"

"Nitakushikia ngazi mwenyewe."

Gilvan akacheka. "Watoto wanataka chokoleti, mama yangu. Anza kuitafuta hiyo ngazi."

Siku ya kuzaliwa ya Tainara, bintiye Gilvan, mvua ilipokatika watoto waliizonga meza kama nyuki. Sahani ya chokoleti ikaota mapengo. Ya nazi ikafuata. Ile ya kupuasu ilibaki nzima kama ilivyotoka jikoni. Bi Oneide alijitia kupanga vikombe, lakini hakumbembeleza hata mtoto mmoja aonje. Pengo la kuombwa si pengo.

Mshumaa ukawashwa, taa ikazimwa. Wakati Tainara akipandishwa kitini, mkono ulipita kwenye mwanga wa mshumaa kuelekea sahani ile. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, wenye pete ya ndoa. Ukarudi tena. Na tena.

Wimbo ukaanza. Wote waliimba isipokuwa Gilvan, aliyekuwa akipiga makofi huku mashavu yamemvimba.

Taa ilipowaka, Bi Oneide alimsogelea. "Baba Tainara, mbona hukuimba?"

Gilvan akameza. "Mama, humu umetia nini?"

"Mti wa baba yako."

Akalamba kidole, akainamisha kichwa. "Chumba nitakijenga upande wa pili," alisema, na kunyoosha tena mkono.

Bi Oneide akauchapa kikofi. "Ngoja zamu yako. Wimbo umekwisha, sasa ni za wageni."