Hodi Kwenye Kompyuta

Tulikuwa watatu katika duka la kompyuta huko Fridley, ughaibuni: fundi Mkenya, mama Mkongomani aliyeleta mashine yake, na mimi niliyengoja zamu.

"Mama," fundi alisema, "firewall, yule mlinzi wa mashine, ilikuwa inauliza kama programu ngeni iingie. Mbona uli-click yes kila wakati?"

"Mtoto yangu, mtu akipiga hodi, utamwambia hapana?"

"Hata mwizi, mama?"

Mama akashika mfuniko wa mashine. "Basi funga. Lakini usimfungie mama yangu. Yuko kwetu Uvira, tunaonana humu kila Jumapili."

Fundi alizuia programu zote ngeni, akaacha ile ya simu za video. Nikajiuliza ni mara ngapi nimesema "karibu" kabla ya "nani?"

Jana nilikutana na yule mama kanisani. Mama yake alifariki Jumanne.