Mheshimiwa Arudi Kwao

Herminio Prendes alianza siasa kwa barabara. Aliifikisha lami kijijini kwao, milimani Asturias, kaskazini mwa Hispania, ikakomea mlangoni kwa dada yake Telvina, na watu wakasema ni bahati tu. Kwa lami hiyo wakampeleka bunge la jimbo kule Oviedo, akazungumzia bei ya maziwa mpaka wenye ng'ombe wenyewe wakachoka. Chama nacho kilipotaka kupumua, kikampeleka Bunge la Ulaya.

Huko Brussels alijifunza kuvaa visikizi vya wakalimani na kunyamaza kwa lugha zote. Miaka kumi, jamani! Siku moja tu alijitokeza kwa nguvu: alipiga kura mbwa mwitu walindwe, wasiguswe. Akapigiwa makofi na watu wanaomjua ng'ombe kwa picha ya kwenye pakiti ya maziwa. Haukupita muda, mbwa mwitu wakamla ndama wa Telvina nyuma ya zizi. Telvina hakumpigia simu kumtukana. Hakumpigia kabisa, na hilo ndilo lililomuuma.

Sasa chama kimemtema, na Herminio alitaka kitu kimoja tu: chumba chake cha zamani juu ya jiko, na dada amwite Mino kama zamani alipomlea. Akafika Jumapili mchana, majirani wamejaa uani wanakunywa pombe ya matufaha.

"Lo! Ulaya imetutembelea!" akasema Selmo, jirani yao. "Mbwa wangu nimfunge, au naye analindwa?"

Watu wakaangua kicheko. Herminio naye akacheka, kidogo sana.

"Dada, nimerudi."

"Nakuona."

"Nimerudi moja kwa moja."

"Hata mbwa mwitu wamerudi moja kwa moja," akasema Telvina, akaendelea kumimina.

Alimimina kama wanavyomimina wote huko: chupa juu ya kichwa, glasi chini pajani, kila mtu funda lake. Glasi ni moja. Unakunywa, unabakiza tone, unalimwaga kwenye ukingo ulipoweka mdomo kuusafisha, kisha anayefuata anapokea. Selmo akanywa, akamwaga. Herminio akanyoosha mkono.

Telvina akaipitisha glasi kwa mke wa Selmo, akaingia ndani. Alitoka na nyingine, safi, ya kabatini, anayonywea padri akija. Ameiweka juu ya kisahani.

"Karibu, mheshimiwa."

Herminio akaitazama ile glasi mkononi mwa mke wa Selmo.

"Aa, dada, mimi mgeni? Nipe ile bwana."

"Ile ni ya watu wa hapa."

Akamjazia taratibu, bila kuinua chupa, kama wanavyojaziwa watalii. Herminio aliumia, tena sana. Afadhali angetukanwa mbele ya watu wote. Akanywa. Alipokaribia mwisho, mkono ukainama wenyewe kubakiza tone la kumsafishia anayefuata, ndipo akaona hakuna anayefuata. Akalimeza.