Maua ya Somo la Shufwa na Witiri

Mwalimu wa mazoezi niliyeletewa mwaka huu hawezi kufundisha hesabu bila kumwaga kitu sakafuni. Jumatatu yalikuwa maharage, Jumanne vifungo vya makoti, na mimi ndiye ninayeinama kuviokota. Vidole vyake vimeganda gundi, na akiongea huibandua vipande vipande juu ya daftari langu la mahudhurio. Nikimwambia, "Kijana, chaki ipo," hunijibu kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa, "Lazima washike, mama, ndiyo waelewe."

Leo kaja na ndoo ya maua, kufundisha namba shufwa na witiri, somo lililonitoa jasho wiki sita. "Yapangeni mawili mawili," akasema. Hakuna aliyegusa hata ua moja. Ilinca wa dawati la mbele akamwambia taratibu, "Mwalimu, yakipangika mawili mawili yote, hayo ni ya kaburini. Ya mtu hai lazima moja libaki peke yake." Hapa mjini kwetu Vaslui hata mtoto wa chekechea anajua hilo. Nikasema moyoni, somo limekwisha. Yeye akajikuna kichwa kwa vidole vyake vya gundi, akauliza, "Basi tisa ni ya nani?"

"Ya mtu hai."

"Na kumi na mawili?"

"Ya marehemu," likajibu darasa zima, hata Sandu, ambaye chaki yangu haijawahi kumwamsha.

Kengele ilipolia akatia maua yaliyobaki kwenye glasi yangu ya chai. "Haya yako, mama, kwa kunivumilia." Nikayapanga mezani mawili mawili, kama alivyofundisha. Yalikuwa manane.