Nyumba Isiyokosa Kitu

Nimechoka kuulizwa mimi ni mtu wa wapi. Zamani nilikuwa najibu kwa urefu. Siku hizi nasema "mtu wa kuja tu", na anayeuliza anaridhika. Nilizaliwa Ngazija, huko Komoro, nikasomea Unguja, na kazi yangu ya kwanza, ambayo mpaka leo sijapata kuipenda nyingine kama ile, niliifanya Bagamoyo, miaka ile ya baada ya Vita vya Pili. Kazi hiyo ilinitoka kwa sababu ya adabu. Watu wakisikia hivyo hudhani natania.

Nilipomaliza masomo ya ualimu Unguja, ruhusa yangu ya kukaa ilimalizika pamoja na masomo. Wenzangu wenyeji walipangiwa skuli. Mimi nikaambiwa wenyeji kwanza, wageni baadaye, na baadaye yenyewe haikutajwa siku. Kurudi kwetu nako kulikuwa kichekesho. Cheti changu kilikuwa cha Kiingereza, na mkubwa wa serikali kwetu alikuwa Mfaransa. Ningemwonyesha nini? Nikasikia kwamba Bagamoyo kuna skuli ndogo, iliyojengwa kwa michango ya wenye mji, inatafuta mwalimu wa hesabu na Kiingereza. Nikavuka.

Mwenyekiti wa skuli alikuwa mzee mmoja wa mji mkongwe, aliyewahi kufanya biashara ya nguo na mbata, mrefu, mkali wa macho, mpole wa mkono. Alinipa chumba cha mbele nyumbani kwake. Jioni ya kwanza nilimwambia nisingependa kuwa mzigo, nitajitafutia chakula mwenyewe. Alikasirika hasa. "Mwalimu, nyumba hii haikosi kitu. Kila kitu kipo." Baadaye kidogo, nikiwa nafunga dirisha la upande wa uani, nilimwona mkewe anatoka mlango wa nyuma, kajitanda kanga, ana bakuli mkononi, anaingia kwa jirani. Akarudi na bakuli limejaa mchele. Sikushangaa, maana kwetu pia ni hivyohivyo. Mgeni haambiwi "hakuna". Neno hilo ni la wenye nyumba, huambiana wao kwa wao, kwa sauti ndogo.

Basi nikala "kila kitu kipo" miaka mitatu. Kila asubuhi, isipokuwa Ramadhani, kabla sijakwenda skuli, ilikuja kahawa na chochote cha kutafuna, na sikupata kuikosa hata mara moja. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, na nililima kwelikweli: wanafunzi wangu walikuwa wakifika wakihesabu kwa vidole, wakaishia kunikosoa ubaoni, na nilifurahi kuliko wao. Ila serikali ilikuwa na sharti lake juu ya jembe. Kila mwaka ilibidi niombe upya kibali cha kukaa na kufanya kazi, na karani wa boma alinieleza sheria mpaka nikaijua kama Fatiha. Nafasi za wageni zina kiasi chake. Mgeni hupewa kazi pale tu ambapo hakuna mwenyeji wa kuifanya. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami kamba yangu niliivuta mara mbili ikakubali. Mara ya tatu walisema Bwana Shauri mwenyewe, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza, atakuja kuuliza wenye mji.

Alikuwa kijana, mgeni Bagamoyo kuliko mimi, na kibali chake sijui alikiomba kwa nani. Nimsifu kwa jambo moja: alikuwa amejifunza Kiswahili kwa bidii. Kilikuwa kimenyooka kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi. Wazee wa skuli walikusanyika barazani kwa mwenyekiti, wametia manukato, na halua ikaletwa, na kahawa. Mimi nilikaa mwisho wa baraza, karibu na mlango, nimeshika kikombe. Nilijua kitakachoulizwa. Nilijua pia jibu la kweli, na kila aliyekaa pale alilijua: tangu mwalimu aliyenitangulia kuhamia Tanga, skuli ilikuwa imefungwa mpaka nilipokuja mimi.

Bwana Shauri akaweka kikombe chini, akauliza mbele ya wote, "Je, katika mji huu hakuna mtu mwenyeji anayeweza kazi ya mwalimu huyu?"

Nilimwona mwenyekiti akijiweka sawa. Kijana wa watu, mgeni, amekaa barazani kwake, mdomoni bado ana halua yake, anamuuliza kama mji wake umepungukiwa.

"Bwana," akasema, "Bagamoyo haikosi watu. Kila kitu kipo, alhamdulillahi."

"Kipo," wakaitikia wazee.

"Kwa hiyo watu wa kazi hii wapo?"

"Wapo, Bwana. Tele."

Bwana Shauri akanitazama. Nadhani alinipa nafasi ya kusema, na mara nyingi nimejiuliza ningesema nini. Kwamba mzee huyu, aliyenilisha miaka mitatu, anasema uongo? Mbele ya mgeni, barazani kwake, na yeye ni wa umri wa baba yangu? Nikanywa kahawa iliyokuwa imeshapoa. Bwana Shauri akashukuru, akapeana mikono na kila mtu, akaenda zake.

Mwenyekiti alikuwa amefurahi. "Umeona, mwalimu? Tumempokea vizuri. Ameondoka ameridhika."

"Ameridhika, mzee," nikasema. "Umemwambia kazi yangu ina wenyewe."

Ilinibidi nimweleze mara mbili. Alinisikiliza, mkono shavuni, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau. "Yule alikuwa anauliza kweli?"

"Alikuwa anauliza kweli."

"Mtu mzima aingie nyumbani kwa mwenziwe, amuulize kama ndani kuna njaa, na awe anauliza kweli?" Hakuwa ananijibu mimi. Alikuwa anaustaajabia ulimwengu. Kisha akasema hapana, Bwana Shauri si mtoto, ameelewa, wakubwa wote wanaelewana mambo haya.

Nilimwomba aende boma akaseme upya. Hakutaka. "Niende nikaseme mimi mwongo? Na mji wangu hauna mtu? Waswahili wote waliojaa pale ukumbini wanisikie?" Nilimwomba tena baada ya Ijumaa. Akaniambia nisubiri, heri itakuja. Nikasubiri. Mtu ambaye hajapata kungoja jibu la serikali hawezi kujua uchovu ule. Si uchovu wa mwili. Nilikuwa nalala mapema na kuamka nimechoka, nafundisha kugawanya na moyoni najiuliza nani atafundisha kinachofuata. Nilimchukia mzee, nasema wazi. Nilikula wali wake huku nimemkasirikia, na aibu ya kumkasirikia ilinichosha zaidi.

Jibu likaja kutoka Dar es Salaam. Kibali hakiongezwi, kwa kuwa wenyeji wa kazi hiyo wapo. Nikapewa muda wa kufunga mizigo.

Nilimsomea barazani. Akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu ya Idi na joho juu yake, katika jua lile la saa nne, akasema, "Twende."

Ukumbi wa boma ulikuwa umejaa watu wa mashauri: wa mashamba, wa kodi, wa ndoa. Walimwamkia wote, shikamoo upande huu na shikamoo upande ule, naye akaitikia marahaba mpaka mwisho wa benchi. Karani akamwambia asubiri, ataingizwa chumbani azungumze kwa faragha. Alikataa. Sijui kwa nini alikataa. Labda aliogopa kwamba akikaa kidogo moyo utamrudi nyuma. Bwana Shauri alipotoka, mzee alisimama palepale, mbele ya kadamnasi ile, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Bwana, siku ile nilikudanganya. Mwalimu hatuna. Mji wangu hauna mtu wa kazi hii ila huyu."

Nilitazama sakafu, maana sikuweza kumtazama yeye. Bwana Shauri, na hili namshukuru, hakucheka wala hakukasirika. Alimwita ndani, nami nikaitwa, akatueleza taratibu. Nafasi za wageni mwaka ule zilikwisha gawanywa. Ile iliyokuwa yangu, mji uliposema hauihitaji, alipewa mtu mwingine wa skuli nyingine, naye ameshafika. Kama tungesema siku ile, angeandika vingine. Wenyeji wakipatikana, skuli itafunguliwa. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, na alionekana kupenda kwamba methali imemjia kwa wakati wake.

Tulirudi nyumbani. Mjini habari ilikuwa imetangulia, na watu waliotuamkia walituamkia kwa upole mno, kama watu wanaotoka maziko. Hasira yangu ilikuwa imekwisha. Nilitamani irudi, maana nilichobaki nacho kilikuwa kizito zaidi.

Wanafunzi niliwaaga siku ya mwisho. Nikawapa hesabu nyingi wazifanye wenyewe, nikijua hakuna atakayezisahihisha. Funguo ya skuli nikamkabidhi mwenyekiti, akaitia mfukoni bila kuitazama.

Asubuhi ya safari nilikaa chumba cha mbele, sanduku langu limefungwa kamba. Lori la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linapakia nazi sokoni. Kutoka Dar ningepanda meli ya kurudi kwetu kwa Wafaransa, na cheti changu cha Kiingereza. Nilikuwa nangoja kahawa. Si kwamba nilikuwa na kiu, ni mazoea. Nikasikia minong'ono uani, ya mzee na mkewe, kisha nyayo za mzee.

Aliingia mikono mitupu, akakaa kando yangu juu ya kitanda, jambo ambalo hakupata kulifanya.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ndogo, "leo hakuna kahawa. Sukari imekwisha tangu jana. Mama yako alitaka kwenda kwa jirani, nikamwambia asiende. Nikasema kijana na aambiwe hakuna."

Miaka mitatu neno lile halikupata kunifikia katika nyumba ile. Lilipita uani, lilipita mlango wa nyuma na bakuli lake, mimi likaniepuka. Sasa lori lilikuwa linapiga honi, na kibali nilichokuwa nakitafuta boma nilikuwa napewa pale kitandani, na mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kukitoa. Nililia, na sikujificha.

"Haidhuru, baba," nikamwambia. "Maji yanatosha."

Akaenda mwenyewe mtungini, akanichotea.