Kiti Kirefu cha Mwalimu Ikiring

Saa moja asubuhi, Sikuda. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya wimbi, na ng'ombe wa jirani wanapita barabarani kwenda kunywa maji. Ndani ya karakana ya shule ya ufundi, Mwalimu Ikiring amepiga magoti kwenye maranda ya mbao. Mbele yake kuna mguu wa kiti.

Anaweka futi, anapiga alama na penseli, anatoa futi. Halafu anaiweka tena palepale, kama mtu aliyetoka nyumbani akarudi kuangalia kama mlango kweli aliufunga.

"Inchi kumi na nane," anasema polepole. Hapa hakuna mtu anayeambiwa. Anauambia mkono wake.

Sasa, kwa nini mkono wa mtu mzima, fundi anayejulikana kutoka hapa mpaka Mulanda, unahitaji kuambiwa hesabu kama mtoto? Hiyo ndiyo habari yenyewe. Lakini lazima twende nayo taratibu, maana inaanzia mbali, inaanzia kwenye mtungi wa pombe.

Ikiring ni mtu wa hapahapa. Shuleni alifika darasa la pili, baba yake akamtoa achunge ng'ombe. Alipokuwa kijana alitembea mpaka Tororo, akakaa kwenye karakana ya fundi mmoja Singasinga karibu na reli, akafagia maranda mpaka siku alipopewa randa. Fundi yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akikuonyesha mara moja, na kama hukuona, hiyo ni shauri yako.

"Kwa yule mzee nilijifunza kwa macho," Ikiring anasema. "Yeye anafanya, mimi naangalia. Hakuna kitabu. Na mimi nikafundisha watoto vilevile. Nafanya, wanaangalia."

Hapo ushike neno hilo, wanaangalia, kwa sababu litarudi.

Shule ilimchukua kufundisha useremala bado wakati wa Mzungu. Karakana yake ni ya bati na udongo. Wanafunzi ni ishirini na sita na misumeno ni mitano, na mmoja katika hiyo mitano meno yamebaki upande mmoja tu, kama bibi yangu mimi, Mungu amrehemu. Hata hivyo, watu wa Kirewa wanatuma mtu anunue meza Sikuda. Milango ya kanisa la hapa ni mikono ya vijana wake.

Shida ilikuwa karatasi. Zamani kila shule ya ufundi ilikuwa inajipimia yenyewe. Mwalimu akiona kijana anatosha, anamwandikia barua, basi. Okochi, kijana wa Kisamia aliyesoma hapo, alivuka mpaka na barua yake akaenda mpaka Kisumu kutafuta kazi. Bwana wa karakana kule akaisoma, akaigeuza, akauliza, "Hii ni gredi gani?"

"Ni ya Sikuda," Okochi akajibu.

"Nimeona Sikuda. Nauliza gredi."

Okochi alirudi nyumbani. Siku hizi anachunga mbuzi wa mjomba wake, na mikono ile inajua kutengeneza kabati.

Kwa hiyo serikali yetu, tangu uhuru, imeanza kupanga upya masomo ya ufundi. Programu itakuwa moja, mchoro mmoja, mtihani mmoja, wa Jinja na wa Sikuda sawasawa. Tena si wanafunzi peke yao. Mwalimu wa ufundi naye afanye mtihani, apate gredi, la sivyo asifundishe tena. Walimu wengine wa upande huu walinuna sana. Ikiring hakununa.

"Mimi nilisema hiyo ni vizuri," anasema. "Kipimo ikiwa moja, mtoto ya hapa na mtoto ya Jinja wanabeba karatasi moja. Okochi hataulizwa tena. Nani anakataa hiyo?"

Mwaka jana, baada ya mavuno ya wimbi, mtahini akafika. Jina lake Bwana Wesonga, Msamia mrefu mwenye miwani, mtu mpole. Alibandika mchoro ukutani: kiti cha kawaida, miguu minne, mgongo wa mbao, mahali pa kukalia inchi kumi na nane kutoka chini. Mwalimu na wanafunzi wakaanza pamoja, kila mtu na mbao zake za mvule, misumeno ikipitishwa mkono kwa mkono.

Kazi ilikwenda vizuri. Kila ulimi wa mbao uliingia kwenye tundu lake, hakuna pengo hata la kupitisha karatasi. Kufikia mchana, viti vilikuwa vimesimama, vyote inchi kumi na nane. Kama wangeacha hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Lakini kwetu kiti hakiishii hapo. Kwetu kiti ni cha kukalia kwenye mtungi. Mnajua wenyewe: ajon, pombe yetu ya wimbi, imepikwa, mtungi uko katikati, watu wamezunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ukikaa juu sana mgongo unauma, na tena unakuwa juu ya kichwa cha mkweo, jambo ambalo si adabu. Ndiyo maana fundi wa hapa, kazi ya mwisho kabisa ni kupunguza miguu. Anamwita mwenye kiti, anamkalisha, anampa kijiti ashike kama mrija. Anaangalia kiwiko. Kiwiko kisipotulia juu ya goti, anakata kidogo. Anamkalisha tena, anakata tena, mpaka mtu mwenyewe anasema, "Hapo." Kwa kawaida inabaki kumi na nne.

Siku ile mwenye kiti hakuwepo. Ikiring akakaa mwenyewe. Akaokota kijiti chini, akakishika mbele ya mdomo. Kiwiko hakikutulia. Akageuza kiti miguu juu, akachukua msumeno, akakata.

"Sikuwaza," anasema, na anaangalia ule mkono wake wa kulia. "Kama kufunga kifungo ya shati. Wewe nawaza kifungo?"

Edeku alikuwa benchi la mbele. Kati ya wanafunzi wote, huyu Edeku ndiye mkono mwepesi kuliko wote, na ndiye anampenda mwalimu kama baba. Aliangalia mchoro. Aliangalia mwalimu. Kiti chake kilikuwa sawa kabisa, kumi na nane. Akaokota kijiti.

Baada ya Edeku wakafuata wengine. Bwana Wesonga alikuwa ametoka kula chakula cha mchana, na aliporudi mlangoni alikuta darasa zima limekaa kimya, kila mtu na kijiti mdomoni, viwiko juu ya magoti, kama wazee wa matanga.

"Mnafanya nini?" akauliza.

"Tunamaliza, bwana," Edeku akajibu.

Bwana Wesonga alipima kiti baada ya kiti. Kumi na nne. Kumi na nne na nusu. Kumi na tatu. Hakucheka. Alipofika mwisho alimshika Ikiring bega, wakatoka nje wakasimama karibu na rundo la mbao.

"Mzee, tundu na ulimi zako ni safi," akasema. "Lakini mchoro unasema kumi na nane. Siwezi kupitisha."

"Mimi nimeelewa. Na watoto?"

"Watoto walikuwa wamepata. Niliviona vile viti kabla sijatoka. Wamekata kwa sababu umekata. Heshima yao kwako ndiyo imewaangusha."



Wote walianguka, mwalimu pamoja nao. Waliambiwa watapewa nafasi moja tena baada ya mwaka. Wakianguka tena, useremala utatolewa Sikuda upelekwe Tororo mjini, na mzazi wa hapa atalipa bweni au mtoto akae nyumbani. Wazazi wengi wangesema akae.

Edeku hakusubiri huo mwaka. Baba yake alikopa baiskeli, na sasa kijana anabeba watu kati ya mpaka wetu na mpaka wa Kenya, abiria nyuma na kikapu cha samaki mbele. Ikiring alimfuata nyumbani. Kijana akamwambia kwa adabu, macho chini, "Mwalimu, mimi ndiye nilianza kukufuata, wengine wakanifuata mimi. Wacha nibebe watu."

Sasa ungefanya nini wewe? Wengine wangelaumu mchoro. Ikiring alirudi karakana, akatengeneza kiti cha mvule, kumi na nane kamili, akakibeba kichwani Jumamosi akaenda nacho kwenye mtungi kwa mkwe wake, Mzee Elungat.

"Mkono ulikuwa umefundishwa na makalio," anasema, na hapa anacheka kidogo. "Basi nikasema, tuanze kufundisha makalio."

Fikiria picha hiyo. Watu wamekaa chini chini, na yeye katikati yao amechomoza kama mwamba wa Tororo.

"Bwana DC amefika," mmoja akasema. "Tusimame?"

"Msimsumbue, huko juu kuna upepo," mwingine akasema. "Hatusikii."

Mrija wake ulifika kwenye mtungi lakini shingo ilibidi iiname kama ya korongo. Mzee Elungat aliacha kunywa, akamwangalia kutoka chini.

"Mkwe. Nilikupa binti yangu, sikukupa kichwa changu ukae juu yake."

"Baba, nisamehe. Ni dawa."

"Dawa ya ugonjwa gani?"

"Ya mkono."

Mzee aliamuru kiti kiwekwe nyuma ya wengine, karibu na nyumba ya kuku. Ikiring akakaa huko, na mrija wake, mwaka mzima wa mitungi. Mkewe, Akongo, anasema aibu ilikuwa yake zaidi, maana yeye ndiye aliulizwa kisimani. "Wananiuliza, mama Loy, bwana yako amekuwa askofu? Mimi nasema ndiyo, ngoja atawabariki."

Lakini dawa ilianza kushika. Anasema siku moja alikaa kwenye kigoda cha jirani, akaona magoti yake yako karibu na masikio, akashangaa. Akajua mkono sasa utasikia.

Darasani pia alibadilisha. Alikuwa akifundisha kwa kuangaliwa. Sasa anawapa mchoro kwanza, halafu anatoka nje, anakwenda kunoa patasi. Wakimwita, anauliza, "Karatasi nasema nini?" Wakisema hawajui, anarudi wanasoma pamoja, kidole chake kikifuata mistari. Kusoma michoro haikuwa rahisi kwake. Mwalimu wa hesabu alimfundisha jioni, naye akamlipa kwa kumtengenezea kitanda.

Mtihani wa pili umefanyika mwaka huu. Bwana Wesonga alibandika mchoro uleule. Kabla hawajaanza, Ikiring aliomba kitu kimoja: benchi lake liwekwe nyuma kabisa, wanafunzi wampe mgongo.

"Leo mimi sipo," aliwaambia. "Ukigeuka kuniangalia, umeanguka."

Mchana, viti vikasimama. Bwana Wesonga anasema alimwona mzee akikaa kwenye kiti chake, miguu imenyooka, na mkono wa kulia ukashuka taratibu mpaka kwenye msumeno. Ukashika. Mbele yake wanafunzi wote walikuwa wamempa mgongo, hakuna kichwa kilichogeuka.

Ikiring akasimama. Akautundika msumeno kwenye msumari ukutani, akarudi, akakalia mikono yake yote miwili kama mtoto kanisani. Akakaa hivyo mpaka futi ya Bwana Wesonga ilipomfikia.

Majibu yalikuja na basi la Tororo. Mwalimu amepata gredi. Wanafunzi wote wamepata, isipokuwa wawili ambao viungo vyao vililegea. Kuhusu hao wawili Ikiring anaongea karibu kwa furaha. "Hao wameanguka na makosa yao wenyewe," anasema. "Si yangu. Tutarudia."

Useremala unabaki Sikuda. Okochi, yule wa mbuzi, amesikia, na ameomba naye aingie mtihani unaofuata kama mtu wa nje. Bwana Wesonga amekubali. Na Ikiring alipomweleza habari ya kupunguza miguu, mtahini hakupinga. Alisema kwenye programu mpya kila shule ina nafasi ya kitu kimoja cha kwao, Sikuda ichague chake, ila kipimo chake kiandikwe. Mwalimu sasa anachora kiti cha mtungi. Ameandika kumi na nne, na pembeni, kwa mkono wake mzito: muulize mwenye kiti.

Kwa hiyo mtu angefikiri kile kiti kirefu kimemaliza kazi. Lakini Jumamosi iliyopita, kwa Mzee Elungat, kilikuwa palepale karibu na kuku, na Ikiring juu yake, shingo imeinama. Mzee mwenyewe alimwambia, "Mkwe, umepona. Kikate uje karibu, nimechoka kuongea na wewe kwa kupiga kelele."

Ikiring alikataa. Edeku bado anabeba watu mpakani. Kila Jumatatu mwalimu anatembea mpaka Busia, anapanda baiskeli ya Edeku kama abiria mwingine yeyote, wanakwenda mpaka ule wa pili na kurudi, na njiani anamweleza mchoro wa wiki ile. Mwanzoni kijana alikuwa hajibu. Juma hili, kwenye mwinuko, aliuliza ule ulimi unaingia kina gani.

Akongo anataka kujua aibu yake itaisha lini. Mumewe amempa jibu, na amempa mbele ya watu.

"Siku Edeku anapata gredi," anasema Ikiring, "mimi nabeba hii kiti mpaka kwa mtungi. Nakaa, nashika mrija, watu wote naangalia. Na msumeno nampa yeye."