Ekari Tatu Nukta Nne

Enzi zetu, na nyinyi wa rika langu mtanielewa, hesabu haikuwa kitu cha kubofya. Iliimbwa. Mwalimu wetu wa shule ya shambani, nje kidogo ya Eldoret, alitupanga kwenye ngazi za ghala la ngano aliloacha mzungu mwenye shamba, kisha akataja desimali. "Sita nukta saba!" Tunaruka ngazi moja juu: saba! "Sita nukta mbili!" Tunashuka: sita! Aliyekosea alichekwa mpaka Ijumaa. Tulikuwa miguu mitupu, baridi ya kwetu ikituuma vidole, na uji wa wimbi ukinukia kutoka jikoni kwa mwalimu. Haki tulikuwa na raha.

Shamba lenyewe wazazi wetu walilinunua kwa pamoja mzungu alipofunga virago. Baba alikuwa kibarua wake maisha yote, akafa kabla ya kuliona likiwa letu, akazikwa pale pale nyuma ya kibanda chetu. Mama akauza ng'ombe wake wote apate fungu litakaloshika kibanda na kaburi. Hakutaka kingine duniani.

Siku ya kugawa, mpimaji alikuja na mnyororo wake, nasi watoto nyuma yake kama vifaranga. Fungu la Mama likatoka ekari tatu nukta nne. La jirani yetu, Mzee Kiptoo, sita nukta sita. Kamati ya wanunuzi ikasema desimali zitaleta kelele, kila fungu liwe namba kamili, kwa kanuni ile ile ya shuleni. Sisi watoto, wajinga wa Mungu, tukaimba kwa furaha: nukta nne, shuka! Mama akabaki na tatu, Mzee Kiptoo akapanda hadi saba. Mpaka mpya ukapita uani kwetu na kaburi la Baba likabaki upande wa pili.

Mama aliketi chini kwenye majani. "Mnasema nukta nne si kitu," akawaambia wanakamati. "Mume wangu amelala kwa hiyo nukta."

"Pole, Mama," mwenyekiti akasema. "Lakini sheria ni ya kila mtu."

Na ilikuwa kweli, hakuna aliyemwonea. Jamani, hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Kesho yake asubuhi Mzee Kiptoo akatokea na jembe begani. Mama alidhani amekuja kulima, akasimama mlangoni. Kumbe mzee alitaka miche! Alikuwa amesikia kwamba sisi Wakikuyu hupanda itoka mpakani, ua lenye majani marefu ambalo mtu haling'oi hata awe na hasira namna gani.

"Mama, nionyeshe vile inapandwa," alisema. "Mimi nilinunua sita na kitu. Hiyo saba nimepewa na hesabu."

Wakapanda pamoja, mstari ukizunguka kaburi na kuliacha kwetu. Mama alilia huku akicheka, na mzee hakuachiliwa aende kabla ya kunywa uji.

Juzi mjukuu wangu anayeishi Kapsoya, huko mjini Eldoret, anayeandika programu za kompyuta, alinionyesha kazi yake. Vijana wetu hawa! Kujumlisha mbili na mbili mpaka washike simu. Akaniambia ipo amri ya kupandisha desimali, ipo ya kwenda kwa namba iliyo karibu, na ipo ya kukata kila kitu baada ya nukta.

"Na ile iliyokatwa huenda wapi?" nikamuuliza.

"Haiendi popote, Shosho. Inapotea tu."

Ninampenda sana mtoto huyu, kwa hiyo nilimmiminia uji. Siku hizi majirani wanaburutana kortini kwa upana wa toroli, na mawakili wananenepa. Mama tulimzika kando ya Baba, na waliochimba kaburi ni watoto wa Mzee Kiptoo. Kwenye hati ya shamba, mpaka leo, kipande hicho cha makaburi ni chao.